Taarifa ya Mwenyekiti: Miche ya Bure na Vitalu Vyetu

Assalamu alaykum, ndugu wanachama wenye vitalu.

Wengine mmetoka Mtambwe na Kengeja tangu alfajiri, basi sitowachosha. Hesabu atazisoma mshika fedha. Mimi nina jambo moja lililotutafuna mwaka mzima: ruzuku ya miche.

Serikali inaotesha miche ya mikarafuu na kuigawa bure kwa wakulima. Hatuipingi. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu ni mzigo wa Pemba, na mashamba yetu mengi sasa yana miti mikongwe inayotaka kurithiwa na michanga. Lakini mteja akisimama kitaluni kwangu, hata bei hajaiuliza, huniambia: “Kwani Serikali haitoi?”

Nyote mnajua kazi ya mche. Mpeta, yaani tunda bivu la mkarafuu lenye mbegu, hauwekeki, ukikaa siku chache ukakauka, hauoti. Unaumenya, unauotesha chini ya kivuli cha makuti, unauhamishia kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki chenye udongo, kisha unateka maji kiangazi kizima. Mpaka ufae kwenda shamba, mwaka umepita na zaidi. Kwa hiyo leo tunaotesha bila kujua mwakani miche ya bure itashuka mingi au kidogo. Wenzetu wawili miche yao ilikosa mnunuzi hadi mizizi ikatoboa viriba na kushika ardhi. Ukiing'oa hapo, umeiua.

Na hiyo ya bure mwaka huu ilifika masika yanamalizika. Watu wakapanda, jua likawaka. Niliyoiona nikipita njiani imebaki vijiti, na mingine haikutoka hata barazani ilikoteremshwa.

Tusitupe lawama zote nje, lakini. Wamo humu ndani waliochukua miche ya bure kuliko ardhi waliyonayo, wakaiuza. Sitotaja mtu, wanajijua.

Kamati iliandika barua kwa ofisi inayohusika. Tuliomba sehemu ya miche ya ruzuku inunuliwe kwetu, kwa mkataba unaotiwa saini kabla ya kuotesha, kitalu kikaguliwe, na malipo yawe mara mbili: nusu tunapokabidhi miche, nusu mche ukishavuka kiangazi cha kwanza shambani. Mkulima apate bure vile vile, ila kinacholipiwa kiwe mti uliosimama. Tumefuatilia mara tatu. Mbili tuliambiwa mhusika yuko safarini, ya tatu tukaambiwa barua imepokewa. Hilo la kupokewa tulikuwa tukilijua, muhuri wao tunao.

Waliopona mwaka huu ni waliochanganya: mdalasini, pilipili manga, shokishoki, na mivinje na mikeshia kwa wanaotaka boriti. Mimi mwenyewe nilichelewa kulifahamu hilo, nikang'ang'ania karafuu.

Mambo mawili nayaleta kwenu myaamue. Kwanza, tuchague wawili wairejee ofisi ile, mmoja awe mama, maana kina mama ndio wanaoteka maji. Pili, msimu huu mpeta tuchume kwenye miti tuliyoikagua tu, na kila mtu aoteshe kwa kiasi cha oda aliyonayo mkononi. Anayetaka mpeta ajiandikishe kwa katibu kabla ya adhuhuri, kwani kesho asubuhi tunapanda mitini na keshokutwa hatutokuwa nao.