Tuzipige picha karatasi za wazee wetu kabla hazijaliwa na mchwa

Mhariri,

Asalaam aleikum na salamu kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo nizungumzie hii habari ya kutafuta asili ya ukoo kwenye intaneti, maana naona vijana wengi hapa Mombasa wameshikwa na hamu nayo, jambo zuri sana, lakini wengi wanaanzia pasipo, wanaandika jina la babu kwenye Google hawapati kitu, basi wanakata tamaa wanasema sisi watu wa pwani hatukuandikwa. Si kweli. Tuliandikwa, ila tuliandikwa na watu wasiotujua, na ukikaa peke yako na simu huwezi kukisia walituandikaje.

Mimi nilianza mwaka juzi baada ya hitima ya ami yangu. Mtoto wa dadangu akauliza babake babu aliitwa nani na alitoka wapi, na watu wote tuliojaa pale barazani hakuna aliyejua isipokuwa nyanya. Sasa nyanya yangu kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1935, lakini yeye siku zote hutwambia "mimi nimezaliwa usiku wa Miraji" na sisi twamwitikia tu, ehe nyanya, twaendelea na mambo yetu. Siku ile akaniagiza nimshushie msahafu wa babake, umefungwa kitambaa cha kijani uko juu ya kabati. Ndani ya jalada, kwa hati za Kiarabu, wino umeshageuka rangi ya chai na pembe moja imetobolewa na wadudu, babake kaandika watoto wake wote saba, kila mmoja na siku yake. Kwa nyanya kaandika usiku wa 27 Rajabu, ndio huo wa Miraji, mwaka 1348 wa Kiislamu. Nikatia ile tarehe kwenye programu ya simu inayobadilisha kalenda, ikatoa mwisho wa Disemba 1929. Yani Miraji yake ilikuwa kweli miaka yote hiyo, na kitambulisho ndicho kilichokosea, aliyemwandikisha alimtazama uso akakisia. Ningemtafuta kwenye rekodi kwa mwaka wa 1935 ningetafuta mpaka kiama.

Na majina ndiyo kazi kubwa zaidi. Hizi tovuti zimetengenezwa na watu wenye jina la ukoo, fomu inakwambia jaza jina la kwanza, jaza la mwisho, sasa Fatuma binti Athumani wa Mbwana utamjaza wapi? Halafu karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, Athumani huyohuyo mmoja utamkuta Othman, Osman, Uthman, na Mbwana akawa Bwana. Mimi nachukua daftari naandika kila namna jina linavyoweza kuandikwa kabla sijagusa kompyuta, halafu nazijaribu moja moja, na pale FamilySearch ukiweka nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo inakutafutia zote. Hiyo FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu, iko chini ya kanisa la Wamormoni kule Utah, Marekani, wamekusanya rekodi za dunia nzima. Lakini kurasa nyingi zimewekwa picha tu, majina yaliyomo hayajaingizwa kwenye sehemu ya kutafutia, kwa hiyo usiposaka ukurasa kwa ukurasa usiseme hakuna.

Kuna kitu kimoja wengi hawakijui, nacho ni gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, linatoka tangu 1899, na matoleo mengi ya zamani yameskaniwa unayasoma Google Books bila kulipa senti. Mle mna matangazo ya mirathi na ya mashamba, na sisi wa pwani tuna bahati maana sheria ya 1908 iliwataka watu wadai mashamba yao na kuandikishwa. Tangazo la shamba la babake nyanya nimelipata humo, mistari minne tu, jina lake na la jirani aliyepakana naye, nilipomsomea nyanya akamtaja yule jirani mpaka jina la mkewe. Ila ujue mashine iliyosoma zile kurasa hukosea herufi, h huiona b, hivyo Mohamed ukimkosa mtafute Mobamed.

Sasa naja kwenye linaloniuma. Nyanya alikuwa na ami yake, kakake mkubwa babake, alichukuliwa 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia, kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kule kwa Wajerumani, Tanzania bara ya sasa, na hakurudi. Nyumbani walisema tu "alikwenda Kariakoo", yani Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo. Nikaingia kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya waliokufa vitani upande wa Waingereza, wana majina kama milioni 1.7 ya waliokufa vita vya dunia vyote viwili, nikajaribu kila namna ya kuandika, hayumo. Kumbe si mimi nisiyejua kutafuta. Tume yenyewe ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa vita vile vya kwanza hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Ile Sanamu ya Askari tunayopita kila siku hapo mjini haina jina hata moja la mbebaji. Wabebaji walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko risasi, na jina la ami yake nyanya leo liko mahali pawili tu duniani, mdomoni kwa nyanya na ndani ya simu yangu nilipomrekodi.

Na nikiwa hapo niseme na hili. Tunapotafuta nasaba tunakimbilia upande wa baba tu, tunataka tufike Uarabuni au Uajemi haraka. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa pwani yetu, baadhi hapo Mtwapa, ikaonekana damu ya kina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na ya Kiajemi ilitoka zaidi upande wa kina baba. Kwa hiyo muulizeni nyanya na mamake pia aliitwa nani, binti wa nani. Sisi mwanamke akiolewa habadilishi jina la babake, hiyo ni njia ya kupandia vizazi ambayo Wazungu wengi hawana. Na kama mzee ananyamaza ukifika kwa mtu fulani, huenda alikuwa mtumwa, au aliletwa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, baada ya 1875, msimlazimishe, rudini siku nyingine kwa adabu.

Nilikwenda ofisi fulani kutafuta kitabu cha ndoa cha miaka ya 1940, nikaambiwa mchwa wamekila. Nimetoka pale machozi yananilenga. Lamu wameweza, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, mtu aisoma kwenye simu popote alipo. Kwa nini vitabu vya ndoa na talaka vya Mombasa visiweze? Naomba kamati za misikiti, makanisa ya zamani, ofisi za makadhi na kaunti, wapeni vijana wetu simu nzuri na meza karibu na dirisha, wazipige picha kurasa zote, picha ziwekwe nakala mahali pawili. Za watu walio hai zifungiwe, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ndivyo matapeli wanavyotafuta.

Na kama kuna familia Kisauni, Likoni, Mtwapa au Jomvu ambayo mzee wao pia "alikwenda Kariakoo" akapotea, tafadhali waandike hapa gazetini, jina lake, la babake na kijiji alichochukuliwa. Mimi nimeshaiandikia ile tume ya makaburi ya vita barua kuhusu yule wetu. Nataka barua ya pili iwe na majina mengi.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa