Barua ya malalamiko: tuliuliza kama kuna kitimoto tukaambiwa hamna

Kwa Meneja,
Mgahawa wa dim sum (vyakula vidogovidogo vya Kichina vya vikapuni),
Dar es Salaam

Habari za kazi meneja,

Naandika kuhusu chakula cha mchana tulichokula kwenu Jumapili iliyopita, ile meza ya watu watano pale dirishani. Nilipiga simu kesho yake nikaambiwa "tutalifanyia kazi dada", mpaka leo kimya, kwahiyo nimeona niandike yote ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Mama yangu ni mtu mzima, Muislamu wa swala tano, na kwenye meza yenu amelishwa mafuta ya nguruwe baada ya kuuliza na kujibiwa hamna.

Ilikuwa hivi. Tumekaa tu, hata menyu hatujafungua, nikamuuliza mhudumu, mdogo wangu hapa kipi kina kitimoto na kipi hakina, akanionyesha siu mai, vile vya nyama vilivyo wazi juu, na yale maandazi meupe ya mvuke yenye nyama nyekundu ndani, akasema ni hivyo viwili tu, vingine vyote safi. Nikamuuliza tena kwa jina, har gow je, zile za kamba? Akasema hizo ni kamba tupu dada, kuleni tu. Mama naye hakuniachia mimi, akamuuliza mwenyewe, "una uhakika mwanangu?", yule binti akamjibu asilimia mia mama. Basi mama akasema bismillah akala.

Na sikuuliza kwa kubahatisha. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, nimekwenda sana Guangzhou kufuata mzigo, na kule asubuhi watu wanaenda kunywa chai na hivi vikapu, wazee wanakaa na magazeti yao masaa, mifuniko ya birika imefunuliwa nusu ndio ishara ya kuongezewa maji ya moto, mtu akikumiminia chai unagonga meza na vidole viwili kumshukuru. Nakipenda hiki chakula kwa dhati, mlipofungua hapa mjini mimi ndo nilikuwa nawatangazia watu. Kwahiyo har gow naijua, ganda lake ni wanga wa ngano na wanga kidogo wa muhogo, linakuwa jembamba mpaka unamuona kamba kwa ndani, na najua wapishi wengi wanachanganya vipande vya mafuta ya nguruwe kwenye kamba ili ndani kuwe na utelezi, wengine wanapaka mafuta hayohayo kwenye unga. Wengine hawaweki, wanatumia mafuta ya mimea. Inategemea jiko, na ndo maana nikauliza jiko lenu linafanyaje. Mteja akiuliza swali kama hilo anataka jibu la jikoni, hataki jibu la kumridhisha aagize haraka.

Mama alishamaliza moja. Mimi yangu niliipasua kwa vijiti maana ilikuwa ya moto, nikaona katikati ya kamba kuna vijipande vyeupe vidogo kama punje za mchele hivi, nikadhani ni machipukizi ya mianzi kwasababu nayo huwekwa, lakini mwanzi una nyuzi na unakatika kwa sauti mdomoni, hiki nilipokibonyeza na kijiko kikapondeka chote kikaacha mafuta yanang'aa kwenye kijiko. Nikamwambia mama subiri usile. Nikamuita mhudumu, akaenda jikoni, akakaa, akarudi na mpishi.

Mpishi wenu nampa heshima yake kabisa. Alikuja mwenyewe na aproni yake, akakiangalia kijiko, akasema kwa Kiswahili chake, "hii mafuta nguruwe, kidogo, kila siku tunaweka". Hakuzungusha. Nikamuuliza mbona mhudumu amesema hamna, akasema yeye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, kazi yake ni kupika. Yaani meneja hapo ndipo penye tatizo lenu lote, jikoni wanajua na wakiulizwa wanasema ukweli, wahudumu hawajui na wanasema hamna, na katikati hapo hamjaweka mtu wala karatasi.

Mama aliweka uma chini, akaomba maji, akaenda kusukutua, akaenda kukaa kwenye gari. Hakumfokea mtu. Alikaa huko na jua lile la saa nane mpaka tulipomaliza kubishana na kaunta yenu. Nimemwambia mama wewe huna dhambi, umekula bila kujua na uliuliza, na shehe wa pale mtaani kamwambia hivyohivyo, anaitikia, lakini mimi namjua mama yangu, lile jambo bado liko naye. Huyu ni mtu ambaye akialikwa harusini asipomjua mpishi anakula matunda tu. Sasa nyie mmemfanyia hivyo kwa neno moja jepesi, asilimia mia.

Halafu kuna jambo lingine ambalo hamkuulizwa siku ile ila nililiona kwa macho yangu nikiwa nimesimama kaunta. Mashine yenu ya mvuke iko wazi, mteja anaiona. Kwenye tundu moja vikapu vilikuwa vimepangwa vingi juu ya vingine, juu kabisa siu mai, chini yake vile vya mboga, chini yake har gow. Kikapu cha mwanzi chini hakijazibwa, kina nafasi ili mvuke upite, sasa panapopita mvuke kwenda juu na majimaji yanapita kushuka chini. Siu mai ikiiva inatoa mafuta, yanadondoka wapi? Kwenye mboga za mtu aliyewaambia hali nyama. Kwahiyo hata mkiamua kesho kuondoa yale mafuta kwenye kamba bado hamjamaliza kazi, kama vikapu vinapikwa mnara mmoja hakuna kinachoweza kuitwa safi humo.

Naomba mnielewe vizuri. Siwadai muwe mgahawa wa halali na sisemi kitimoto kisipikwe, Dar hii kitimoto kinauzwa na kinaliwa, hicho chakula ndivyo kilivyo asili yake na mwenye kukitaka ana haki ya kukipata kitamu. Hata Guangzhou kwenyewe Waislamu wana migahawa yao, Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, wanapika tambi za ng'ombe na mlangoni kuna maandishi kwamba hapa ni halali, na ukiingia mgahawa wa dim sum wa kawaida unajua umeingia wapi. Mkituambia ukweli mlangoni, mama angekunywa chai yake na sisi tungekwenda kula mahali pengine pa mchana, hakuna ambaye angeudhika. Kilichotuuma ni kuuliza tukadanganywa.

Na si kamba peke yake. Keki yenu ya figili mmeandika tu "keki ya figili", lakini ile kwa kawaida inachanganywa na soseji kavu ya Kichina ambayo ni ya nguruwe na uduvi mkavu humohumo, wali wa kunata unaofungwa kwenye jani la yungiyungi mmeandika "wali wa kuku" na huo nao mara nyingi unawekwa soseji ileile, hata vile vikeki vya mayai vya utamu, ganda lake kuna wanaolikanda na mafuta ya nguruwe. Siwezi kusema vya kwenu vina nini, na hicho ndicho ninacholalamikia, kwamba mteja amelipa na hana pa kusoma. Mdogo wangu ana mtoto mwenye aleji ya kamba, akila anavimba midomo anashindwa kupumua, siku ile tulimuacha nyumbani. Angekuja angeagizwa keki ya figili kwasababu jina lake ni figili. Hapo tungekuwa tunaongelea hospitali.

Bili nayo. Tuliomba kikapu cha har gow kitolewe kwenye hesabu, wa kaunta akasema haiwezekani kwasababu mmeshakula. Chai tumechajiwa kwa kichwa, watu watano, hata mtoto aliyekunywa soda, sawa kule China chai kulipiwa kwa kichwa ni desturi sina ugomvi nayo, ila andikeni kwenye menyu mtu aone kabla hajakaa. Tulilipa kila kitu, nikaomba risiti nikapewa kikaratasi cha mkono, mpaka niliposema siondoki bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndipo mashine ikapona. Hili nalisema kwa kifupi kwasababu hela sio shida yangu kubwa, nyie wenyewe mnajua sheria ya kodi.

Kuhusu yule binti aliyetuhudumia, nawaomba sana msimfukuze. Alikuwa anatetemeka wakati mpishi anaongea, na mtu yeyote aliyemuona alijua hakukusudia. Alipewa menyu ya picha na sare akaambiwa ahudumie. Hakuna aliyemkalisha jikoni hata siku moja aone kamba wanachanganywa na nini. Mkimfukuza yeye mtachukua mwingine mumpe menyu ileile, na Jumapili ijayo ataulizwa na mama wa mtu mwingine na atajibu hivyohivyo asilimia mia.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza mama apigiwe simu na wewe meneja mwenyewe, umuombe radhi kwa adabu, maana aliyekosewa ni yeye, mimi nimesema tu. Hela ya kile kikapu irudi kwenye namba niliyolipia, na mkirudisha bila simu sitaihesabu. Menyu iandikwe kwa Kiswahili kila chakula kina nini ndani, mpaka mafuta yaliyotumika, na muiandike mkiwa mmekaa na mpishi, sio muinakili mtandaoni, maana mapishi ya mtandaoni sio mapishi ya jiko lenu. Vikapu vya nguruwe viwe na mvuke wake na alama yake, na mpaka mtakapokuwa na hiyo mashine ya pili mhudumu awe anamwambia mteja wazi kwamba vyote vinapikwa pamoja. Na wafundisheni watoto wenu wa kazi kusema "ngoja nikaulize jikoni", hakuna mteja atakayewaona wajinga kwa hilo, mimi ningemshukuru yule binti mpaka leo.

Miguu ya kuku ilikuwa imeiva vizuri sana, inaachia mfupa yenyewe, na zile roli za unga wa mchele zenye soya zilikuwa laini kama za Guangzhou kabisa, mpelekeeni mpishi salamu hizo. Anajua kazi yake. Ndio maana nina hasira, kwasababu mgahawa unaopika hivi hauna sababu ya kumficha mtu kilichomo.

Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa, na nikiona kimya kinaendelea nitapeleka malalamiko FCC, yaani Tume ya Ushindani, na suala la aleji nitalipeleka TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wenye usalama wa chakula. Risiti ninayo, na picha ya kile kijiko niliipiga palepale mezani kabla hakijaondolewa.

Namba yangu iko kwenye daftari lenu la buking. Mama anapatikana baada ya swala ya alasiri, ukipiga omba uongee na yeye, usiniachie mimi ujumbe.

Mteja wenu,
Ilala