Rachel amepokonywa kumbukumbu zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu The Girl on the Train, filamu ya mwaka 2016 iliyotokana na riwaya ya Paula Hawkins iliyouzwa sana duniani. Nimeitazama wiki iliyopita na bado roho inaniuma. Ambaye hajasoma kitabu aishie hapa, maana nitagusa siri yake.

Wengi walilalamika kwamba hadithi imehamishwa kutoka London hadi New York. Hilo mimi halinisumbui. Ulevi hauna mji. Linaloniuma ni alivyotendewa Rachel, mhusika mkuu ambaye ni mlevi.

Kitabuni, Rachel anapanda treni ya saa mbili na dakika nne asubuhi kama mtu anayewahi kazini, ilhali kazi alishafukuzwa miezi mingi. Alipokuwa kwenye ndoa alikunywa hadi akili ikazima, na kesho yake ni mume aliyemsimulia alichofanya. Ukutani kuna alama kwenye plasta. Mume anasema Rachel ndiye aliyeizungusha fimbo ya gofu, kwa hasira. Rachel anajilazimisha kuikumbuka hasira hiyo, haiji. Kinachomjia ni woga. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwanza.

Dada yangu alikunywa kwa miaka sita. Asubuhi alikuwa akikaa kitandani, kikombe cha chai kimemtulia mikononi, anatukagua nyuso kabla hajauliza, "Jana nilifanya nini?" Lolote tulilomjibu aliliamini. Siku moja nilimwambia kavunja sahani ya mama. Niliivunja mimi. Aliniomba radhi huku akilia.

Ndiyo maana nasema uzito wote wa riwaya ile uko pale Rachel anapoanza kuziamini kumbukumbu zake mwenyewe, kipande kwa kipande, bila shahidi. Filamu imeikata safari hiyo. Imemleta Martha, mke wa aliyekuwa bosi wa mume, wakutane ndani ya treni, amwambie kwa sentensi chache kwamba kwenye sherehe ambayo mume alidai Rachel alimwaibisha, hakufanya ubaya wowote. Baada ya hapo mambo yanafunguka mbio mbio kuelekea mwisho.

Emily Blunt, aliyeigiza Rachel, simlaumu hata kidogo. Macho yake mekundu na ile mikono isiyotulia ni vya mtu ninayemjua, na kutajwa kwake kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ilikuwa haki yake. Waliomwandikia ndio waliomwangusha.

Dada yangu siku hizi hanywi. Tuliitazama pamoja. Martha alipomaliza kusema, alinigeukia akauliza, "Yaani hapa tena ameambiwa tu, akaamini?"

Sikuwa na jibu. Usiku huohuo nilimweleza habari ya ile sahani.

Msomaji wako wa siku nyingi