Pikapu inashika ikisukumwa lakini inagoma kwa stata: tatizo ni umeme au kabureta?

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi ya kueleza tatizo la pikapu yangu kwa wasomaji walio mafundi, hasa wale waliozoea injini za petroli za zamani, kwa sababu mafundi wawili walioiangalia hapa kwetu wametoa majibu yanayopingana, na kila jibu lina gharama ambayo nisingependa kuiingia kwa kubahatisha. Gari ni Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ya sentimita za ujazo 2,366, yenye kabureta na pampu ya mafuta ya kimakanika inayosukumwa na kemshafti. Haina platini, yaani vile vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa cheche kwenye injini za zamani. Distribyuta yake ina koili ndogo ya kutoa ishara, na kisanduku cha kielektroniki ambacho mafundi hukiita ignaita kimefungwa pamoja na koili kubwa ya plagi. Ninaitumia kubeba viazi kutoka shambani hadi Makambako.

Tatizo lina sura mbili, nami sijui kama ni ugonjwa mmoja au ni miwili iliyokutana. Asubuhi, nikipiga stata, injini inazunguka kwa nguvu ya kawaida lakini haishiki. Nikiendelea, harufu ya petroli inajaa chini ya boneti, na plagi zikifunguliwa zinakuwa zimelowa. Hata hivyo, gari hilohilo likisukumwa kwenye mteremko mdogo, swichi ikiwa imefunguliwa na gia ya pili imewekwa, linashika karibu papo hapo na kuunguruma vizuri. Sura ya pili hutokea njiani: likiwa na mzigo na likiwa limepanda mlima kwa muda mrefu, linazimika ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo, bila kukohoa wala kupungua nguvu kwanza. Likiachwa lipoe, linakubali kuwaka tena, na mara nyingi hata kwa stata, kwa kuwa injini yenyewe bado ina joto.

Fundi wa kwanza anasema ni kabureta. Hoja yake ni kwamba huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zilizopimwa kwa ajili ya nchi tambarare huingiza petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Ukiongeza baridi ya Juni hadi Agosti na choki iliyovutwa, injini inazama kwa mafuta. Ninakubali kwamba maelezo hayo ni ya kweli kwa kabureta yoyote iliyopelekwa milimani. Lakini gari hili limefanya kazi hukuhuku kwa miaka mingi kwa jeti zilezile, na zaidi ya hapo, kabureta haijui kama injini inazungushwa na stata au na vijana wanaosukuma. Kama tatizo lingekuwa ni mafuta kuzidi, lingezidi katika hali zote mbili.

Hata hivyo nilianza upande wa mafuta, kwa sababu ndio ulio rahisi kuukagua. Kabureta hii ina kidirisha cha kioo kinachoonyesha kiwango cha petroli kwenye bakuli la boya, na kiwango kiko katikati ya kioo kama inavyotakiwa. Nikikanyaga mafuta injini ikiwa imezimwa, petroli inarushwa ndani ya koo la kabureta bila kukatika. Solenoidi ya kukata mafuta inatoa mlio wa "tik" swichi inapofunguliwa. Filta ni mpya. Nilitoa petroli kiasi kwenye chupa nyeupe nikaiacha usiku kucha, na sikuona maji chini wala uchafu. Mafuta ninanunua kituoni na si kwenye madumu ya barabarani, maana ingawa mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kusimamia uwekaji wa vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji, petroli ikishaingia kwenye dumu hakuna anayeweza kuisemea. Nilidhani pia kwamba huenda tundu la hewa la mfuniko wa tangi limeziba, lakini kuulegeza mfuniko hakukubadilisha chochote.

Jambo lililonishawishi zaidi nililiona gari lilipozimika mlimani: nilifungua boneti mara moja na kukuta petroli ingali katikati ya kioo. Kama pampu ingekuwa imeshindwa, au petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kwa joto, ninaamini bakuli lingekuwa limekauka au kiwango kingekuwa kimeshuka. Nilichomoa waya wa plagi moja, nikavalisha plagi ya akiba, nikaigusisha vizuri kwenye chuma cha injini na kumwomba mwenzangu apige stata. Hapakuwa na cheche hata kidogo. Koili kubwa ilikuwa ya moto kiasi kwamba haishikiki kwa mkono. Ilipopoa, cheche zilirudi.

Asubuhi, kipimo hichohicho kinatoa cheche, ila ni nyembamba na za rangi ya manjano iliyoelekea wekundu. Plagi nimezipima mwanya wa milimita 0.8, nyaya zake zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2, kava la distribyuta halina ufa na rota haijaliwa. Koili ndogo ya ndani ya distribyuta inasoma ohmu 160 ikiwa baridi, na kitabu cha gari kinataka kati ya 140 na 180; mwanya wake wa hewa ni milimita 0.3, ambao uko ndani ya kiwango cha 0.2 hadi 0.4. Kompresheni ya silinda zote nne inakaribiana.

Kisha nikachukua mita ya umeme, na hapa ndipo ninapoomba wataalamu wasome kwa makini. Betri ikiwa imetulia ina volti 12.6. Wakati wa kupiga stata inashuka hadi 10.4 ikipimwa kwenye vichwa vya betri, jambo ambalo ninaambiwa ni la kawaida. Kwenye upande chanya wa koili, swichi ikiwa imefunguliwa tu, ninapata 12.3, lakini wakati wa kupiga stata ninapata 7.8. Maana yake ni kwamba kati ya betri na koili zinapotea volti zaidi ya mbili na nusu, na zinapotea wakati ule ambao koili inazihitaji zaidi. Gari likisukumwa stata haifanyi kazi, betri haielemewi, na umeme unapita kwenye mguso wa kawaida wa swichi badala ya ule wa kuwashia. Nadhani ndiyo sababu linashika. Ninashuku mguso wa ndani ya swichi ya ufunguo umeliwa, au kuna kiungio cha waya kilichooza nyuma ya dashibodi.

Kuhusu kuzimika kwa joto, nimegundua kwamba koili iliyopo si ya asili. Ilifungwa kabla sijalinunua gari, na ubavuni mwake imeandikwa kuwa itumike pamoja na rezista ya nje, yaani kifaa cha kupunguza umeme unaoingia kwenye koili. Nimefuatilia waya wake wote na sijaona rezista yoyote. Fundi wa pili, ambaye anakubaliana nami kwamba tatizo ni la umeme, hakulijali hilo. Anataka tununue ignaita mpya tu. Huenda yuko sahihi kwamba ignaita imechoka, lakini ikiwa koili inavuta umeme kupita kiasi kwa kukosa rezista, ninahofia kwamba ignaita mpya nayo itaunguzwa vilevile, nami nitakuwa nimetuma fedha kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, bure.

Maswali yangu basi ni haya. Kwanza, je, ni salama kuvuta waya mmoja moja kwa moja kutoka betri hadi upande chanya wa koili, kwa muda mfupi wa kupiga stata asubuhi, ili kuthibitisha kwamba upungufu wa volti ndio unaozuia injini kushika? Likishika, ningependelea kufunga rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayochukua umeme kutoka betri na kuamriwa na waya wa swichi, badala ya kubadilisha swichi nzima. Lakini kama mguso wa kuwashia umeliwa sana, sijui kama rilei itapata amri ya kutosha kwa hizo volti 7.8. Pili, kwa koili ya aina hii, je, inatosha kuiongezea rezista, na ya ohmu ngapi, au ni afadhali kutafuta koili iliyotengenezwa kwa ajili ya ignaita ya 22R hata kama ni ya mtumba? Tatu, nimesikia kwamba ignaita hupimwa kwa betri kavu ya volti 1.5 inayogusishwa kwenye nyaya za koili ya ishara, kwa muda usiozidi sekunde 5 ili transista isiungue, huku volti zikisomwa upande hasi wa koili kubwa. Je, kipimo hicho kinaaminika kifaa kikiwa baridi, au ni lazima nikifanye palepale mlimani gari linapozimika?

Atakayejibu ninamwomba anitajie kipimo cha kufanya na namba ninayopaswa kuiona, kabla ya kunitajia kifaa cha kununua. Rilei na nyaya ninazo tayari, na viazi vya msimu huu vinaanza kung'olewa karibuni.

Wako,
Mkulima wa viazi,
Njombe