Kabla ya kung'oa themostati, tuulize gari linachemsha wakati gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa magari, kwamba mwenye gari linalochemsha aanze kwa kung'oa themostati na, tatizo likiendelea, abadilishe rejeta, yaani kifaa kinachopoza maji ya injini kwa upepo. Mimi ni fundi wa magari, na sina shaka kwamba aliyeandika alikuwa na nia njema ya kumpunguzia msomaji gharama. Hata hivyo, ushauri huo unamtaka mtu aanze kutibu kabla ya kuujua ugonjwa, na katika mfumo wa kupoza injini pupa ya namna hiyo mara nyingi huishia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) iliyopinda.

Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake, ambayo katika magari mengi huanza kufunguka maji yanapofikia nyuzijoto kati ya 80 na 90 za Selsiasi, na kazi yake ni kuiwezesha injini kupata joto lake mapema na kudumu nalo. Ikiondolewa, injini hubaki baridi mno, hasa gari likiwa kwenye mwendo. Kompyuta ya gari nayo, ikidhani injini bado haijapata moto, huendelea kumimina mafuta mengi kuliko yanayohitajika, na oili huharibika kabla ya wakati wake. Ziko pia injini ambazo themostati yake ina kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, hapo hapo huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye pampu. Ukiing'oa katika injini ya aina hiyo, sehemu ya maji itaendelea kupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kuliko lilivyokuwa likichemsha mwanzo. Kama themostati ni mbovu, dawa yake ni kuweka nyingine yenye kiwango kile kile cha joto.

Swali ambalo fundi angepaswa kuuliza kabla hajashika spana ni hili: gari linachemsha wakati gani? Gari ambalo mshale wake wa joto hupanda likiwa kwenye foleni na kushuka barabara ikifunguka linakosa upepo, na mshukiwa wa kwanza ni feni. Kuipima si kazi ngumu. Injini ikiwa inanguruma, washa kiyoyozi; katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni hutakiwa kuanza kuzunguka papo hapo au baada ya muda mfupi. Ikizunguka kwa ajili ya kiyoyozi lakini ikabaki kimya maji yanapopata moto, mota yake ni nzima, na uchunguzi uhamie kwenye sensa ya joto na nyaya zake. Isipozunguka kabisa, fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya feni) zitazamwe kabla ya kununua mota mpya. Kwa magari ambayo feni yake huzungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni (si ile ya gia), injini ikiwa na moto na imezimwa, isukume feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani wowote, klachi hiyo imechoka.

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye mlima au kwenye mwendo mkali lina kisa tofauti, kwa sababu hapo upepo wa mwendo upo wa kutosha na feni haina mchango mkubwa. Kinachopungua ni mtiririko wa maji, au uwezo wa rejeta kulitoa joto nje. Rejeta inaweza kuwa imeziba ndani kwa kutu na ukoko wa chokaa, jambo la kawaida kwa magari yaliyozoeshwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Mapanga ya pampu yanaweza kuwa yamelika. Mpira wa chini wa rejeta, unaorudisha maji kwenye injini, unaweza kuwa umelegea kiasi kwamba, injini ikipandishwa kasi, pampu inaunyonya hadi kuta zake zinabanana. Pia kuna tope na mabaki ya wadudu yanayoganda katikati ya kondensa ya kiyoyozi (inayokaa mbele ya rejeta) na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki mpaka viwili hivyo vitenganishwe. Inasikitisha kuona rejeta nzima ikitupwa wakati ilichohitaji ni kuoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutokea upande wa injini.

Mipira miwili ya rejeta husema mengi kwa anayejua kuisikiliza. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, mpira wa juu katika magari mengi hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafla themostati inapofunguka, na wa chini hufuata baadaye ukiwa na joto pungufu. Mshale ukiwa juu huku mpira wa chini ungali baridi kabisa, maji hayazunguki: ama themostati imekwama ikiwa imefungwa, ama pampu haisukumi, ama rejeta imeziba.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa sababu ya udogo wake. Vifuniko vingi huzuia presha ya takriban baa 1 juu ya ile ya hewa, na kwa presha hiyo maji matupu huchemka karibu na nyuzijoto 120 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka au springi yake ikilegea, kinga hiyo yote hupotea, maji hukimbilia kwenye chupa ya akiba, na gari huchemsha ingawa rejeta, pampu na feni ni vizima. Kukipima kifuniko, pamoja na mfumo mzima, kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji huchukua dakika chache, na presha ikishuka bila tone kuonekana nje, tujue maji yanapotelea ndani.

Hapo ndipo tunafika kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini), ambayo gereji nyingi huitaja mapema kuliko inavyostahili. Dalili zake zinajulikana: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, mipira inayokakamaa dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokwisha hata injini ikishapata moto, na maji yanayopungua bila kuvuja. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili si ushahidi unaojitosheleza, kwa kuwa gari linalotumika kwa safari fupi fupi huukusanya kutokana na unyevu tu. Ipo dawa ya majimaji ya buluu inayogeuka njano inapokutana na gesi ya moto wa injini ya petroli iliyopenya kwenye maji. Mteja ana haki ya kuonyeshwa kipimo hicho, au cha presha, kabla ya kuruhusu hedi ifunguliwe.

Kuna mawili ambayo makala ile haikuyagusa kabisa. La kwanza ni kwamba mshale wenyewe unaweza kudanganya: maji yakiisha, sensa hubaki kwenye mvuke na kusoma joto la chini, na katika magari mengi ya siku hizi mshale umepangwa utulie katikati hata joto linapobadilika, hivyo ukianza kupanda, hali tayari ni mbaya. Hita ikipuliza hewa baridi wakati injini ina moto, maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa ndani, na dereva asiendelee na safari.

La pili linahusu uhai wa watu. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa na moto, hata kwa kitambaa kizito, kwa maana maji yaliyo chini ya presha hugeuka mvuke mara tu yanapopata upenyo na kumrukia mtu usoni. Injini izimwe, isubiriwe hadi mpira wa juu ushikike na kubonyezeka bila kuunguza, na maji ya baridi yasimwagwe ndani ya injini yenye moto, kwani chuma kinaweza kupasuka. Naomba tahadhari hii ichapishwe katika ukurasa ule ule uliobeba ushauri wa awali, ili imfikie msomaji aliyeusoma.

Wako,
Fundi wa magari na msomaji wa gazeti hili