Akitoka Kamiti apewe hata randa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Mimi ni fundi wa mbao hapa Gikomba na mwaka jana nilichukua kijana mmoja aliyetoka jela ya Kamiti, jina lake hataki litajwe. Huyu kijana anajua randa na patasi kuliko hawa wangu wengine wote, alifunzwa huko ndani mpaka akafanya gredi testi, ule mtihani wa serikali wa ufundi, akapita, cheti anacho. Lakini siku ya kutoka alipewa nauli ya kurudi kwao na nguo zake alizoingia nazo, basi. Fundi bila msumeno ataanzia wapi jamani?

Kabla aje kwangu alikuwa ashazunguka miezi mitano. Kila mahali anaulizwa cheti cha tabia njema, kile cha DCI, polisi wa upelelezi, cha shilingi 1,050, hiyo pesa alikopa kwa dadake, na kilipotoka kikaonyesha alishafungwa kwa hivyo hata kazi ya kulinda geti akanyimwa. Na huyu alihukumiwa miaka 6 akatoka baada ya 4, kwa sababu sheria inampunguzia mfungwa theluthi akifanya kazi na kuwa na nidhamu. Jela imekaa naye miaka minne ikaona amebadilika, sisi huku nje tunasoma karatasi moja tunafunga mlango. Aliniambia, mzee, mara mbili karibu nirudie yale maisha. Niliumia sana kusikia hivyo, maana nina mtoto rika lake.

Ndani wanafanya kazi kweli, namba za magari tunazoona barabarani zinatengenezwa Kamiti, lakini kwa kanuni za magereza za 1979 malipo ya siku yalikuwa ya senti, hata shilingi haifiki. Walipwe kitu cha maana na kiwekwe akiba ili mtu akitoka anunuliwe vifaa vya kazi yake, randa, msumeno, nyundo na futi, apewe mkononi hapo getini. Na maafisa wa probesheni wakuje hapa Gikomba tuongee, wasingoje mtu apotee mtaani ndio wamtafute, mafundi wa kuwapokea tupo.

Kwangu kuna nafasi ya wawili sasa hivi. Sitawauliza cheti, nitawapa mbao niangalie mkono.

Fundi wa mbao,
Gikomba, Nairobi