Ukungu Si Ule wa Mkate

Langoni, Lamu

Mwanangu Zuhura,

Salamu alaykum. Sisi wazima. Goti la babako limetulia tangu Kusi ipunguze makali. Kitabu chako cha picha ulichotuma kutoka huko Halifax, Kanada, kilifika, pembe moja imelowa, nadhani ni kwenye boti ya kutoka Mokowe, lakini kurasa zote nzima. Uliuliza wajukuu wamekipokeaje. Basi keti nikusimulie.

Usiku wa kwanza nilikiharibu mwenyewe. Unanijua, miaka 26 ya chekechea haimtoki mtu: nilitanguliza somo kabla ya picha. "Watoto, leo tutasoma habari za ukungu wa baharini." Swaleh akakunja uso. "Ukungu kama wa mkate, Bibi?" Maryamu akasema basi bahari ya kwa shangazi imechacha, itupwe. Wakacheka mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini. Nami nikakwama, maana neno ni hilo hilo moja, na humu mwetu ukungu tunaoujua ni wa mkate na wa viatu vya ngozi wakati wa masika. Nikajaribu kusema umande. Babako, barazani huko, akadakia kwamba huo ndio yeye hakuukanyaga. Nikafunga kitabu.

Siku ya pili nilinyamaza. Walikuwa sita, wetu wawili na wa majirani, mkekani uani. Nikafungua tu. Ukurasa wa kwanza una mnara wa taa, mawe, mashua na ndege. Kila nikifunua, kitu kimoja kinapotea: mawe, kisha mashua, kisha mnara, mpaka ukurasa mmoja mweupe karibu wote. Nilipotaka kuupita, Swaleh akauwekea kiganja. "Ngoja, Bibi. Hawa waliishiwa rangi?"

Waliukalia weupe ule kuliko picha yoyote. Mmoja akaona doa la kijivu, akasema ni mashua. Mwingine akasema ni punda. Punda wa wapi baharini? Akashikilia ni punda, nikamwacha na punda wake.

Sasa sikiliza. Kuna kijana mdogo, mtoto wa mwalimu mgeni aliyehamia hapa kutoka bara. Huja, hukaa mwisho wa mkeka, hasemi, kwa sababu wenzake humcheka Kiswahili chake. Siku hiyo akainuka magotini. "Mimi nimeona hii. Kwa shosho, bibi yangu, Limuru. Ng'ombe unaisikia tu, huioni." Hakuna aliyecheka. Wakamgeukia: unalowesha? Unanuka? Ukiushika? Akawajibu mmoja mmoja kama nahodha aliyerudi safari. Akasema nywele hulowa na mvua haijanyesha. Mimi nisingeweza kuwaambia hilo. Miaka yangu yote hapa sijaona ukungu ukiifunika bahari. Nilichoona ni mvua ya Kusi ikija na kukifuta kisiwa cha Manda kwa dakika chache, basi.

Kwenye ukurasa wa honi, ile inayowalilia mabaharia wasigonge mawe, nilikuwa nimeshajiandaa na maelezo yangu. Maryamu akanitangulia: "Wanapuliza siwa!" Waliiona siwa kwenye makumbusho. Kila mmoja akapuliza yake kwa mkono, nyumba ikawa kama ya harusi.

Hapo tu ndipo nilipoleta gilasi ya maji yenye barafu. Tukaitazama ikitoa jasho. Nikawauliza maji yale ya nje yametoka wapi, na gilasi haivuji. Walibishana sana. Tukafika kwamba yalikuwa hewani, hatuyaoni, yakagusa ubaridi yakawa matone. Basi, nikawaambia, kwa shangazi bahari yenyewe ndiyo gilasi. Mkondo wa baridi unashuka kutoka Labrador, kaskazini, na upepo wa joto wenye unyevu unatoka kusini, unapita juu yake, unatoa jasho hewani. Vitone ni vidogo mno, havianguki, vinaning'inia. Ni wingu lililoshuka chini. Yetu haigeuki gilasi kwa kuwa ni vuguvugu mwaka mzima, hata Kusi ikivuma ni nyuzi 25 hivi. Swaleh akataka tuimwagie barafu tuone. Nikamwambia amwombe babu yake.

Ukituma kingine, kiwe na picha za namna hii zinazoficha kitu. Zile sentensi za mafunzo kule mwisho niliziruka, na hakuna aliyeulizia.

Kuna jambo moja lilinikalia. Maryamu aliuliza, "Shangazi akitoka kazini anaionaje nyumba yake?" Nikasema kuna taa za barabarani. Lakini nilikumbuka uliponipigia Julai ukasema siku ya tatu hujaiona bahari nayo iko mwisho wa mtaa wako. Nilidhani ni upweke unakutia maneno, nikakuambia usali, ulale. Sikujua unasema kitu cha macho. Nisamehe, mwanangu.

Humu ndani utakuta karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne. Usidhani nimesahau kuiandika. Ni kazi ya Swaleh, itazame pembe ya chini kulia, kuna masikio mawili ya kijivu.

Na wanataka jibu. Uliwaambia kivuko chenu cha kwenda Dartmouth kinavusha watu tangu 1752. Je, ukungu ukishuka husimama, au hupita hivyo hivyo? Wamewekeana dau la visheti. Nijibu hilo kwanza, habari zako zifuate.

Mamako